Mtu Aliyejibu "Mbaya"

Kosa lake lote lilikuwa neno moja. Aliulizwa habari za asubuhi, akajibu mbaya. Usicheke, msomaji wangu. Huko kwenu mtu akijibu hivyo watu watamsogelea wamuulize kulikoni. Lakini katika mji huu ninaokusimulia, mji usio na jina kwa sababu wenyewe waliogopa hata jina lisije likapatwa na jambo, habari ina jibu moja tu, nalo ni salama. Za asubuhi? Salama. Za watoto? Salama. Paa limeezuliwa na upepo, salama. Mafuriko yamebeba shamba, salama tupu. Watu wa huko hawafi, wanasafiri. Gari la mji huja kuwachukua kabla uji haujapoa, na waliobaki huenda kazini wakijibu salama njia nzima mpaka taya zinauma. Nani alianzisha utaratibu huo, hakuna ajuaye. Kuna wasemao ilikuwa amri. Kuna wasemao hapakuwa na amri yoyote, watu walianza wenyewe kwa adabu, kisha adabu ikaota meno. Mimi nawaamini hawa wa pili, na ndiyo maana nikiufikiria mji ule naingiwa na baridi.

Aliyejibu mbaya ni Mzee Kibwana, fundi wa magodoro ya sufi. Alikuwa bombani na ndoo yake. Jirani akamsalimu kama ilivyo desturi, "Habari za asubuhi, fundi?" Naye, kwa sauti ya kawaida kabisa, ile ya mtu anayeagiza chumvi dukani, akasema, "Mbaya. Mke wangu amekufa."

Weee! Wanasimulia kwamba ndoo zote zilidondoka kwa pamoja, watu wakatawanyika huku wameziba masikio, na bomba likabaki linamwaga maji mpaka barabarani bila wa kulifunga. Mzee wa watu alilifunga mwenyewe. Akabeba ndoo yake, na kabla hajafika mlangoni kwake alikuwa ameshakamatwa na kupandishwa kwenye Nyumba ya Kupimia Hali, ile iliyokaa juu ya mji. Humo ndimo alimofanya kazi huyu ninayemfuata katika kisa hiki, muuguzi Sikudhani, ambaye wagonjwa na wakubwa wote walimwita sista.

Nyumba hiyo ilikuwa na mambo yake. Kuta zake zilipata nyufa kila kukicha, na kila kukicha zilipakwa chokaa ili nyufa zisionekane. Chokaa juu ya chokaa, miaka kwa miaka, mpaka kuta zikanenepa na vyumba vikaanza kupungua. Chumba kilichojengwa kwa vitanda vinne sasa kilibeba kimoja kwa kubanwa. Wakubwa waliliita jambo hilo usafi. Ukumbi nao ulikuwa na tabia ya kurefuka mtu akiingia na kufupika akitoka, na mara nyingine Sikudhani, akitembea peke yake humo, alimwona mbele yake msichana aliyevaa gauni jipya jeupe, mwenye mwendo wake yeye mwenyewe wa siku alipoanza kazi. Akigeuka nyuma, anamwona kikongwe mwenye mabega yake, anajikokota. Aliwasalimu wote wawili kwa heshima. Wote wawili walimjibu salama, naye akawa anajiuliza, basi mimi wa katikati ni nani, na mbona hakuna aliyenisalimu?

Alikuwa amefundishwa kazi ya kupima hali, na kazi hiyo, nikwambie ukweli, ni kazi ya thamani. Unamtazama mtu alivyovaa, anavyoketi, maneno yake kama yanafuatana au yanarukiana. Unamuuliza kama anajua alipo, kama anasikia yasiyosikiwa na wengine, kama moyo wake una mzigo, na mzigo huo kama unamvuta kubaya. Kisha unapima, polepole, bila kumdharau. Lakini katika Nyumba ile elimu yote hiyo ilikuwa imekamuliwa mpaka ikabaki salamu. Muuguzi anasimama mlangoni, anauliza habari. Mgonjwa akisema salama, anarudi kwao. Asiposema, Daktari Shembilu anakuja na wabebaji wake, na mtu anachukuliwa Ng'ambo. Huko Ng'ambo hakuna aliyekwenda akarudi. Ndugu wakija kuuliza wanaambiwa nini? Haswa. Salama.

Kulikuwa na miiko miwili. Muuguzi haketi mbele ya mgonjwa. Na mgonjwa haruhusiwi kurudisha salamu, yaani kumuuliza muuguzi, na wewe je?

Basi Sikudhani akafika mlangoni kwa Mzee Kibwana. Nyuma yake, kutoka mwisho wa ukumbi, alisikia hatua za Daktari na wabebaji zimeshaanza kuja. Ukumbi ulikuwa umerefuka siku hiyo, lakini hatua zilikuwa zinakuja.

"Habari za asubuhi?"

Mzee hakuinua kichwa. Alikuwa ameketi sakafuni, godoro la Nyumba amelipasua upande mmoja, mkono wake umezama ndani mpaka kwenye kiwiko.

"Habari za asubuhi, mzee?"

"Nani alishindilia hili godoro?" Mzee Kibwana alivuta donge gumu, akaliangalia kwa kinyaa. "Huyu alikuwa amegombana na mkewe, hakika. Madonge matupu! Na mbegu hakutoa. Mnawalaza watu juu ya mbegu, halafu mnashangaa hawalali."

Muuguzi mwingine angesema moyoni, huyu haelewi anachoulizwa na anaharibu mali, akageuka kumwita Daktari. Sikudhani naye alikaribia kufanya hivyo, nisimpambe. Mguu mmoja ulishageuka. Lakini macho yake, yale yaliyofundishwa zamani, yakakataa kugeuka nao. Yaliona vidole vinavyochambua sufi kwa utulivu, mbegu zikiwekwa upande huu, nyuzi laini upande ule. Yaliona shati lililofungwa vifungo sawasawa. Yaliona mkasi haupo, mshono umefumuliwa kwa kucha, kwa mpango, ili uweze kushonwa tena. Huyu hakuwa anaharibu kitu. Alikuwa kazini.

Akaona aibu ya ghafla. Aliingia chumbani kwa mtu wa umri wa baba yake na kumrushia swali kabla ya kumwamkia.

"Shikamoo, baba."

Mzee akainua kichwa. Alikuwa na macho mekundu ya mtu aliyelia akaacha akalia tena. "Marahaba, mwanangu. Ee, hapo sasa! Unaingia kwa mtu kama mgambo wa soko. Kaa."

"Haturuhusiwi kukaa, baba."

"Basi na mimi siruhusiwi kujibu."

Akarudi kwenye godoro lake. Hatua za ukumbini zilikuja. Sikudhani akatazama nyuma, akatazama mbele, akakusanya gauni lake, akaketi sakafuni.

Na alipoketi, akamwona vizuri. Ajabu ya kusimama ni kwamba inakuonyesha utosi wa watu. Miaka yote alikuwa amepima utosi. Sasa uso wa yule mzee ulikuwa sawa na uso wake, na kwa kuwa katika mji ule nyuso hazikukaa mahali pamoja kwa muda mrefu, uso ule ulikuwa wa baba yake, kisha ukawa wa mtoto aliyeamka vibaya, kisha ukarudi kuwa wa Mzee Kibwana, fundi, mfiwa, amechoka.

"Baba, nakusihi," alinong'ona. "Sema salama. Neno moja tu, urudi kwako. Daktari anakuja. Usiposema watakupeleka Ng'ambo, na mimi sina uwezo wa kukutoa huko."

"Nimekusikia. Sasa na wewe nisikilize. Nimeishi na Somoe mpaka meno yetu yamepungua pamoja. Juzi, au jana, siku hizi sizishiki vizuri, amekata roho mkono wake uko mkononi mwangu. Gari likaja, wakasema amesafiri. Nikiwaambia watu salama, ina maana hakuna aliyetoka nyumbani kwangu. Na kama hakuna aliyetoka, basi hakuna aliyekuwemo. Niliishi na nani miaka yote hiyo? Na mimi niliyeishi naye ni nani? Neno lenu hilo, mwanangu, haliishii kwenye asubuhi. Linarudi nyuma linafuta mpaka harusi."

Sikudhani akafanya kitu pekee alichokijua, akaanza kupima. Akapima kwa kweli, kama alivyofundishwa kabla elimu yake haijakamuliwa.

"Baba, unajua hapa ni wapi?"

"Nyumba ya Kupimia Hali. Ilikuwa kubwa zaidi. Niliwahi kuleta magodoro hapa, nikiwa kijana, tuliingia na mkokoteni mpaka hapa nilipokaa."

"Kwa nini umeletwa?"

"Kwa sababu nilijibu swali."

"Unasikia sauti ambazo wengine hawazisikii?"

Mzee akakung'uta sufi vidoleni. "Namsikia akikohoa chumba cha pili. Natoka kumpelekea maji, nakuta kitanda."

"Ukikuta kitanda, unafanyaje?"

"Nakunywa yale maji mwenyewe. Nitafanyaje?"

Sikudhani alilipima jibu hilo moyoni. Mtu anayesikia kikohozi na anajua kwamba ni kikohozi cha asiyekuwepo, huyo hajapotea. Ni masikio yake ndiyo bado hayajapata habari. Akavuta pumzi, akauliza lile swali ambalo wauguzi wa Nyumba ile hawakuliuliza kamwe, kwa sababu jibu lake lisingeweza kuwa salama. "Na wewe mwenyewe, baba? Kuna wakati unatamani kumfuata? Umewahi kufikiria kujidhuru?"

Mzee hakushtuka. Ukitaka kujua, alionekana kama mtu aliyeondolewa gunia mgongoni. "Asubuhi," alisema. "Asubuhi natamani nisingeamka. Kujifanyia kitu, hapana. Ila ile kuamka, mwanangu, ile kunyoosha mkono kitandani! Halafu naanza kuwasikia kuku wake wanagombana bandani, nasema nikilala hapa nani atawafungulia? Naamka kwa ajili ya kuku. Kuku wenyewe hawana hata shukrani." Akacheka, kicheko kikakatika njiani kikawa kilio, akalia mbele ya mgeni bila kujificha, na Sikudhani hakumwambia anyamaze. Alipomaliza alifuta uso kwa sufi. "Leo hawajafunguliwa. Tangu nikamatwe. Ndiyo ninachowaza, zaidi ya huyo Daktari wako."

Yote aliyotaka kuyajua Sikudhani yalikuwa yamesemwa. Mtu huyu anajua alipo, anajua kilichompata, maneno yake yanafuatana, ana huzuni nzito yenye sababu nzito, na bado ana la kuamkia. Hakuwa na wazimu wowote. Alikuwa amefiwa, basi. Sasa Sikudhani afanye nini na ukweli huo katika nyumba ambayo haina mahali pa kuuweka? Hatua za ukumbini sasa zilikuwa na sauti ya viatu.

"Umemaliza maswali?" aliuliza Mzee Kibwana.

"Nimemaliza, baba."

"Haya. Na wewe je? Za nyumbani?"

Sema salama. Sikudhani, mdomo unajua njia, uachie tu. Sema upesi, anakutazama. Salama. Sufuria. Wali umeshika chini, nani ataukwangua. Mimi. Nimeukwangua, nimeutupa jalalani, nimeosha sufuria, nimevaa gauni. Jirani akauliza za nyumbani. Nikasema. Nilimwambia nini? Na kesho yake. Na ile nyingine. Mshamu, mama yako alisema nini kukuhusu? Alisema hukuwepo. Kila asubuhi, mlango kwa mlango, nimekuwa nikiwaambia watu hukuwepo.

"Salama," alisema Sikudhani.

Mzee hakumlaumu, hakumkazia macho. Aliendelea kuchambua sufi, akimpa nafasi, jinsi mtu anavyomsubiri mwenzake amalize kufunga kamba za viatu.

"Mwanangu amekufa," alisema Sikudhani.

Ilitoka hivyo tu. Hakuipanga. Na ilipotoka ikavuta nyingine. Kwamba jina lake Mshamu. Kwamba alikuwa mpenzi wa ukoko, sufuria haijaepuliwa ameshapiga kelele "ukoko wangu!", anauguguna mpaka majirani wanasikia. Kwamba ilikuwa homa, na gari la mji lilikuja mapema mno, mwili bado una joto, na yeye mama mtu akawashukuru. Akawashukuru! Akafunga mlango, akaja kazini, akasimama milangoni kwa watu akiwauliza habari na kuwapitisha waliojua kudanganya kama yeye.

"Pole, mwanangu," alisema Mzee Kibwana. "Pole sana."

Nimeishi na neno hilo tangu utotoni na sijawahi kulitazama. Mtu akijikwaa unalisema, akibeba mzigo unalisema, akipaliwa na chai unalisema, linatoka bila kufikiriwa na linasahaulika halijatua. Lakini hebu jaribu kulitoa duniani. Hebu fikiria mji ambao mtu amebeba jeneza na njia nzima hakuna anayemwambia pole, kwa sababu kumwambia ni kukiri kwamba amebeba kitu. Atafika wapi? Atafika na atarudi na bado mikono yake itakuwa na uzito uleule, kwa sababu mzigo usiosemwa hautuliki. Neno pole halimrudishi aliyekwenda. Halibebi hata upande mmoja. Linasema tu, nimeona umebeba. Na Sikudhani, aliyebeba peke yake kwa muda ambao hata mimi msimulizi nimeshindwa kuupima, alipoonwa aliinamisha uso kwenye rundo la sufi na kulia kwa sauti, ile sauti ambayo Nyumba ilijengwa ili isisikike.

Chokaa ikadondoka ukutani. Kipande kikubwa, kikaacha ufa ulio wazi, na kwa mara ya kwanza chumba kikapata nafasi ya mtu mmoja zaidi.

Hapo ndipo viatu vilipofika mlangoni.

Daktari Shembilu hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonisumbua juu yake. Alikuwa msafi, mpole, mwenye sauti ya kumbembeleza mtoto. Alitazama godoro lililopasuliwa, akamtazama muuguzi wake sakafuni, macho yamevimba. Wabebaji wawili walisimama nyuma yake na machela.

"Sista," alisema. "Habari za mgonjwa?"

Sikudhani akasimama. Akashika ukingo wa kitanda. Angesema salama, mzee angeulizwa mwenyewe na angejibu mbaya tena, alishamjua. Angesema mbaya, wangemchukua sasa hivi.

"Nimempima, Daktari," alisema. "Hakuna mgonjwa hapa. Huyu ni mfiwa. Mke wake amekufa, naye amesema mke wake amekufa. Sijaona mwenye akili timamu kuliko huyo katika Nyumba hii yote, na ninajihesabu na mimi. Arudi kwake akafungulie kuku wake, aende kwa watu watakaokaa naye. Hilo ndilo jibu langu na silibadilishi."

Wabebaji wakatazamana. Daktari akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli.

"Sista Sikudhani, umechoka. Nitakuuliza mara moja tu, na ufikiri kabla ya kujibu, maana machela ina nafasi." Akashusha sauti zaidi. "Habari za nyumbani kwako?"

Unaelewa, msomaji, kwamba hapo alikuwa anamsaidia? Alikuwa anamfungulia mlango. Neno moja na angerudi kuwa sista, angevaa gauni kesho, angemwona yule msichana mbele na kikongwe nyuma na kuwasalimu. Sikudhani aliliona neno lenyewe, limesimama mdomoni, jepesi, tayari. Akaliacha lipite.

"Mbaya, Daktari. Mwanangu Mshamu amekufa."

Daktari Shembilu alifungua mdomo kutoa amri. Alishatoa amri hiyo mara nyingi, ilikuwa na maneno machache na ilijulikana. Lakini kilichotoka si amri. Alisimama akamtazama yule mama, na uso wake ule laini ukaanza kusogea, ukatafuta mahali pa kukaa ukakosa, na sauti yake ilipotoka ilikuwa nyembamba na ngeni hata kwake.

"Lini?" aliuliza.

Hakuna mwiko uliosema Daktari asiulize hivyo, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba angeuliza.

"Sijui lini," alisema Sikudhani. "Tangu siku hiyo imekuwa asubuhi moja tu. Naona leo ndiyo inaanza kusogea."

Daktari akaketi ukingoni mwa kitanda, juu ya mbao tupu. Mzee Kibwana akamtazama jinsi alivyokaa, mabega yamelegea, mikono haijui iende wapi, akamwambia bila kuulizwa, "Pole, bwana. Wa kwako ni nani?" Daktari aliweka kiganja usoni, akabaki hivyo.

Wabebaji walingoja. Hatimaye mmoja wao akakohoa. "Daktari. Tumchukue yupi?"

"Hakuna wa kuchukuliwa," alisema Daktari Shembilu kutoka nyuma ya kiganja chake. "Mmoja wenu amrudishe mzee akafungulie kuku wake, kisha arudi naye kama atapenda. Mwingine alete mkeka, watu wana msiba hapa."

"Mkeka mmoja, Daktari?"

Daktari akaondoa kiganja usoni. Alitazama ukumbini, milango iliyofuatana huku na huku, yote imefungwa, na nyuma ya kila mmoja mtu anayengoja kuulizwa habari.

"Hapana," alisema. "Leta yote utakayoipata."